Mtoki wa mtoto baada ya kutolewa funza

Dada wa Jinja, umeuliza mbona kijana katolewa funza kidole cha mguu lakini uvimbe umetokea kinenani, na kama umpeleke akachanjwe huo uvimbe. Tafadhali usichanje wala usikamue, huo uvimbe ni tezi ya kinga, iko kazini.

Iko hivi, limfosaiti, yaani seli nyeupe za kinga, zinazunguka kwenye damu siku nzima, zikifika kwenye tezi kuna vishipa vidogo vyenye kuta nene, hapo zinajishika ukutani kwa selektini, protini za kunatia kidogo, zinabingirika polepole kama boda anayepunguza spidi stejini, halafu kemokini, kemikali za kuita seli, zinazipa ishara, integrini, protini za kunatia kwa nguvu, zinagandisha kabisa ndo seli inajibinya ikapenya ndani. Isipokutana na mdudu inayemtafuta, baada ya kama siku moja inatoka inarudi kwenye damu kupitia limfu, yale maji ya mwili yanayopita kwenye tezi. Sasa kidonda cha mtoto kinatuma uchafu na limfu mpaka kinenani, basi seli zinaingia kwa wingi na mlango wa kutoka unafungwa kwa muda, zinarundikana, tezi inavimba na kuuma ukiigusa.

Wewe shughulika na kidonda: sabuni na maji safi asubuhi na jioni, avae viatu, na uliza chanjo ya pepopunda leo leo maana pepopunda huingia kweli kupitia vidonda vya funza. Uvimbe ukiwa mwekundu na moto, homa ikipanda, au zikipita wiki 2 haujapungua, mpeleke hospitali dada, usingoje.