Mwalimu, mbona sauti zetu zinashuka?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naongoza kikundi cha waimbaji 14. Hakuna anayelipwa, tunakutana jioni baada ya kazi, na tunaimba nyimbo za karne ya 16 bila ala yoyote. Shida yetu ni moja. Tukianza wimbo tuko sawa, tukiumaliza tumeshuka karibu toni nzima. Unaotutesa zaidi ni *Ave verum corpus*, wimbo wa Kilatini wa mtunzi Mwingereza William Byrd. Wenzangu wanataka kinanda kitusindikize mazoezini mpaka tuzoee. Mimi moyo unasita. Tufanyeje?
*Dada kiongozi*

Jibu: Marahaba, dada. Moyo wako unasita kwa haki. Kinanda kitumieni kuchukulia sauti ya kuanzia, kisha kifunikeni.

Kinanda kimeigawa oktavu, yaani safari ya kutoka do hadi do inayofuata, katika nusu toni 12 zilizo sawa ili kipigwe katika ufunguo wowote. Gharama yake imelipwa na do-mi. Tukiigawa nusu toni moja sehemu 100, do-mi ya kinanda ina sehemu 400, wakati do-mi ambayo sauti za watu hutulia juu yake, bila kutetemeka, ina kama 386. Sehemu 14 ni kidogo kwenye karatasi, lakini sikio linazipata. Kikundi kilicholelewa na kinanda huimba kikiwinda nota za kinanda, hakisikilizani. Siku kinanda kikiondoka, kila mmoja anabaki peke yake.

Wala msione haya. Karne hiyohiyo ya 16, mwanahisabati wa Italia, Giovanni Battista Benedetti, alimwandikia mtunzi Cipriano de Rore barua ambazo zilichapishwa 1585. Alionyesha kwamba ipo mifuatano ya nota ambayo, ikiimbwa kwa ulinganifu safi kabisa, huwahamisha waimbaji kidogo kila inaporudiwa. Kwa hiyo kuhama kidogo kumo ndani ya muziki wenyewe. Lakini toni nzima katika wimbo wa dakika nne hivi, hapo ni sisi waimbaji.

Nasema sisi kwa sababu kikundi changu cha watu 11 kilizama katika wimbo huohuo miezi mingi. Nililaumu pumzi, nikalaumu uchovu. Jioni moja nikawaomba besi wanyamaze. Sauti tatu zilizobaki zikafika mwisho zikiwa zimeshuka kidogo tu. Nikawarudisha besi, tukazama. Nikaenda kusimama katikati yao, sikio langu karibu na bega la mzee mmoja mwenye sauti nene, tukaanza upya. Kosa lilikuwa pale mwanzoni kabisa, kabla hata ya pumzi ya pili.

Tazama karatasi yako. Katika *Ave*, sauti ya kwanza inatoka G na kushuka nusu toni tu, kwenye F iliyopandishwa. Mara tu baadaye, kwenye *verum*, besi wanaimba F ya kawaida. F mbili zisizopatana zinapishana mlangoni. Byrd aliliweka gumu hilo juu ya neno lenye maana ya "wa kweli", na mimi naamini alitaka msikilizaji ashtuke hapo. Sasa sikia tulichokuwa tukifanya. Sauti ya kwanza waliikanyaga ile nusu toni kana kwamba ni ngazi nzima, wakatua chini ya mahali pake. Besi, wakiwa bado na F ile iliyopandishwa masikioni, waliiona yao kuwa kosa, wakaivuta huku na huko. Kila kilichojengwa juu ya msingi huo kilikuwa chini tayari.

Dawa yake haikuwa ngumu. Niliwaweka sauti ya kwanza na besi uso kwa uso, waimbe nota hizo tatu tu, polepole, midomo imefungwa. Nilimwambia sauti ya kwanza: usishuke, sogea tu. Tulikaa hapo dakika kumi. Jioni hiyo hatukuzama.

Mengine yaliyotufaa nitayapitia haraka. Irabu, kwanza. Kilatini kikisomwa kwa desturi ya Kiitalia, a, e, i, o, u zake ni karibu zetu zilezile, na hiyo ni neema kwa mwimbaji wa Kiswahili: hatuna mazoea ya kuigeuza *Ave* kuwa "avei". Ila nota ikidumu, wengi hulegeza irabu bila kujua, na sauti hulegea nayo. Hakikisha e ya mwisho wa nota ni e ileile ya mwanzo.

Pili, karatasi. Byrd alipouchapisha wimbo huu 1605 katika mkusanyiko wake *Gradualia*, kila sauti ilikuwa na kitabu chake. Mwimbaji aliona mstari wake tu, bila ile mistari ya wima inayokata mapigo. Nilinakili hivyo kwa mkono, kila mtu na sauti yake. Dakika ya kwanza walipotea. Ya tano, niliona vichwa vikiinuka: mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu ameshusha karatasi hadi kiunoni, anamtazama mdomo dada wa sauti ya pili ili ajue lini aingie. Sijawahi kuwasikia wakisikilizana vile.

Na msiogope kuanza nusu toni juu au chini ya ilivyoandikwa. Kipimo cha leo, nota A yenye mitetemo 440 kwa sekunde, kilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa London mwaka 1939. Byrd hakuwa na kipimo cha namna hiyo. Tafuteni mahali ambapo sauti ya tatu hawachoki.

Swali: Mwalimu, nina miaka 58, napenda sana nyimbo hizi lakini sijui kusoma nota. Je, nimechelewa?
*Baba wa besi*

Jibu: Hujachelewa, kaka yangu. Je, unaijua do re mi? Basi unacho chombo ambacho mtawa Guido wa Arezzo aliwafundishia waimbaji wake karne ya 11. Alichukua utenzi wa Yohane Mbatizaji ambao vipande vyake sita vya kwanza vinaanza kila kimoja nota moja juu ya kilichotangulia, na silabi zao za mwanzo ndizo ut, re, mi, fa, sol, la. Ut ndiyo iliyokuja kuwa do. Anza na nyimbo za Kigregori, zile za kale za Kanisa kwa Kilatini, ambazo wote huimba sauti moja. Imba kila mstari kwa do re mi kabla ya kugusa maneno, na simama jirani na besi anayesoma.