Dharura za safari: kwa wanaoanza zamu ya usiku

Kwenye kitengo cha dharura cha wakala wa safari, foleni haipangwi kwa kufuata aliyetangulia kupiga simu. Hupangwa kwa saa ya ndege. Anayeondoka ndani ya saa 4 hutangulia hata kama simu yake imeingia sasa hivi. Wa kesho jioni mtajie saa utakayompigia, na umpigie kweli.

Mteja akiwa amechanganyikiwa, muulize kwanza yuko wapi: nyumbani, kaunta, au ameshapita ukaguzi? Kisha chukua namba ya bukingi yenye herufi na tarakimu, jumla 6, na ya tiketi yenye tarakimu 13. Tarakimu 3 za mwanzo zinakuonyesha shirika lililotoa tiketi: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 157 Qatar. Ndege yenyewe inaweza kuwa ya shirika jingine, na hapo ndipo wageni wa kazi hupiga simu kusikohusika.

Kosa linaloumiza wasafiri kuliko yote ni hili: wakala anabadilisha safari, skrini inaonyesha nafasi imethibitishwa, anamwambia mteja aende. Lakini tiketi haijatolewa upya. Bado ina ndege ya zamani. Kaunta itamkataa. Usikate simu kabla ya kufungua tiketi na kuona kila kipande, yaani sehemu ya tiketi inayohusu ndege moja, kinalingana na safari mpya. Ikiwa mteja ameshafanya chekini, kipande kinashikiliwa na uwanja nawe huwezi kukigusa. Shirika limwondoe kwanza kwenye orodha ya abiria.

Msafiri aliyekosa ndege ya kwanza na kujinunulia tiketi nyingine anahatarisha pia safari yake ya kurudi, kwa kuwa mashirika mengi hufuta vipande vyote vilivyobaki. Lipigie shirika simu kabla ndege haijaondoka.

Uwanja ukifungwa, kama Heathrow tarehe 21 Machi 2025 baada ya moto kwenye kituo cha umeme, simu humiminika kwa pamoja. Mzuie mteja asifute safari mwenyewe: akiwahi kufuta kabla ya shirika, anaweza kuhesabiwa aliyeghairi kwa hiari na kukatwa faini. Tafuta tangazo la shirika la kubadilisha bila malipo, soma tarehe zinazohusika na daraja linaloruhusiwa, kisha andika msimbo wake kwenye tiketi mpya. Ukiusahau, baadaye shirika litaidai kampuni yako ilipe tofauti ya nauli.

Saa mwandikie mteja kwa mtindo wa saa 24, ukiongeza maelezo. Ndege ya 02:00 tarehe 15 ni saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 15, hivyo awe uwanjani tarehe 14 usiku. Wengi hufika siku nzima baadaye.

Unapokabidhi zamu, andika shirika limejibu nini, saa ngapi, tiketi iko katika hali gani, na nani anampigia mteja saa ngapi. “Inashughulikiwa” haimsaidii anayepokea zamu. Atalazimika kuanza upya na msafiri aliye kaunta.