Majani ya uva-ursi kwa UTI, naweza kunywa mwezi mzima?

Swali: Habari dokta, mi niko Hamburg, UTI inanirudia rudia. Safari hii jirani yangu, bibi wa Kijerumani, kanipa majani pakti imeandikwa Bärentraubenblätter, anasema kwao ni dawa ya tangu zamani. Nimeanza kunywa jana, haja ndogo bado inachoma. Naweza kunywa mwezi mzima ili isirudi? Na mdogo wangu ana mimba ya miezi 4 naye analalamika hivyohivyo, nimgawie?

Jibu: Dada, nianze na mdogo wako, usimgawie hata kikombe kimoja. UTI kwenye mimba inawahi kupanda kwenye figo na inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, aende kliniki leo hii wampime mkojo wampe antibayotiki ya wajawazito.

Sasa wewe. Hayo ndo majani ya uva-ursi, kijimti cha nchi za baridi kinachotambaa chini, ukoo mmoja na ile mierika (vichaka na miti ya Erica) ya Kilimanjaro unayoikuta ukishapita msitu (ila ukoo mmoja haimaanishi dawa moja, watu wasije wakaanza kuchuma kule). Ndani yake kuna abutini, ukinywa inageuka mwilini mpaka inakuwa haidrokwinoni inayotoka na mkojo, na hiyo ndo inayopambana na bakteria kwenye kibofu. Haidrokwinoni ni ileile ya kwenye mikorogo iliyopigwa marufuku huku nyumbani, kwa hiyo mwezi mzima hapana kabisa. Mwongozo wa Ulaya unasema mwisho wiki 1, kwa wanawake watu wazima tu, na mwenye shida ya figo asiguse.

Majani yasizidi gramu 8 kwa siku. Ukiyaloweka kwenye maji baridi usiku kucha ukachuja asubuhi, tanini (ile inayoleta ukakasi) inapungua na tumbo halisumbui sana kama ukiyachemsha. Mkojo ukiwa wa kijani kijani kahawia usiogope, ni hayo majani.

Ila nikuambie ukweli, nguvu yake ni ndogo kuliko inavyosifiwa. Kuna utafiti wa hukohuko Ujerumani wa 2021, wanawake karibu 400, walioanza na uva-ursi wengi hawakuhitaji antibayotiki lakini waliumwa zaidi, na waliopata maambukizi ya figo walikuwa wengi kuliko wa upande wa antibayotiki. Kwa hiyo ukisikia homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni au ukaona damu, acha majani nenda hospitali saa hiyohiyo, na hata bila hizo dalili siku 4 zikipita bado inachoma nenda.

Ya kuzuia isirudi ni kranberi, tunda dogo jekundu la nchi za baridi, nayo ni ya ukoo huohuo, hiyo ina ushahidi kwa wanawake wenye UTI za kurudi rudi ila haitibu iliyokwisha kuanza, na kama unatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) muulize daktari wako kwanza. Ukienda hospitali usikubali kupewa vidonge tu urudi nyumbani, omba wakuoteshee mkojo wajue ni bakteria gani na dawa ipi inamuua.