Msikimbilie kusema "ndivyo walivyo"

Mkuu, pole sana. Umeandika kwamba shangazi yako mwenye hali ya Down (ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, yaani kibeba jeni ndani ya seli), miaka 48, ameacha kutoka nje na anagoma kuoga, na ndugu wanasema watu hawa wakizeeka hurudi utotoni. Msilikubali neno hilo upesi. Sisi tulilikubali, kaka yangu akateseka mwaka mzima.

Kaka ana miaka 53, hali hiyohiyo, tuko Tanga. Tangu ujana wake, kupanga vikombe vya chai alfajiri ni kazi yake. Ghafla akaanza kusita kwenye kizingiti, anamwaga chai, ukimwita hageuki. Tukasema ni ukaidi. Mke wangu, kwa huruma, akamwondolea vikombe asije akaungua, basi akawa wa kushinda barazani tu. Hospitali ya kwanza tuliambiwa hali yake ndiyo hiyo. Ya pili daktari alimpima kweli: mtoto wa jicho macho yote mawili, nta imeziba masikio, na damu ikaonyesha tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, haifanyi kazi vizuri. Matatizo haya huwapata sana wenye Down, tena mapema. Alifanyiwa upasuaji, akaanzishiwa vidonge, akarudishiwa vikombe vyake.

Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, nayo ipo, na kwao huweza kuanza wakiwa na miaka arobaini na kitu, maana ile kromosomu 21 ya ziada imebeba jeni ya protini inayorundikana ubongoni. Lakini kwanza mkague macho, masikio, tezi, meno, na kama usiku anakoroma huku pumzi zikikatika.

Kuna jambo daktari asingeliona. Mama alipofariki, tulimpeleka kaka kwa jirani siku ya mazishi, tukidai hataelewa. Miezi baadaye, macho yamepona, bado kila alfajiri alikitoa kikombe cha mama, anakiweka mahali pake, anasubiri. Ijumaa moja nikaenda naye makaburini, nikamwambia waziwazi: mama amekufa, amezikwa hapa. Hakusema kitu. Alikaa chini mpaka adhana ya alasiri. Kesho yake alikiosha kikombe kile, akakipanga pamoja na vingine.

Je, kwenu kuna aliyefariki au kuhama karibuni? Muulizeni shangazi mwenyewe, kwa maneno mafupi, na mmpe muda wa kujibu.