Maelezo ya Picha Kwanza, Ukuta Baadaye

Wanaokuja kwangu kujifunza kupiga na kuandaa maonyesho ya picha za wanawake wa Asia ya Kusini huanza kuuliza habari za kamera au ukumbi. Mimi huwauliza: huyu mama kwenye picha yako anaitwa nani, na nani aliamua akae hivyo? Kama huna jibu, kazi yako bado haijaanza.

Nasisitiza hivyo kwa sababu ya historia. Kati ya 1868 na 1875 wakoloni wa Kiingereza walitoa juzuu nane za picha zilizoitwa The People of India. Watu wamepangwa humo kwa kabila, tabaka na kazi, na majina ya wengi hayapo. Mwanamke alisimama mbele ya kamera na vito vyake vyote, akaishia kuwa mfano wa kabila. Msanii Pushpamala N. wa Bengaluru aliishughulikia dhuluma hiyo kati ya 2000 na 2004, akishirikiana na mpigapicha Clare Arni. Alivaa yeye mwenyewe na kuigiza picha za aina hiyo, hata zile za mwili kupimwa mbele ya kitambaa cha drafti. Itazame kazi hiyo kabla hujashika kamera.

Huku pwani nasi tunawatia wote kapu moja. Bohora, Ismailia, Kalasinga, Mgoa na Mhindu wanaandikwa "mwanamke wa Kihindi", basi. Usikubali. Nguo peke yake ingetosha kukuonyesha tofauti. Chukua sari: Wagujarati huleta pallu, yaani ule mwisho wenye nakshi, kutoka mgongoni, inapita bega la kulia na kutandazwa mbele kifuani. Mtindo wa nivi, ambao ndio umeenea zaidi India, hupitisha pallu bega la kushoto na kuiangusha mgongoni. Sasa negativu, yaani filamu ya picha, ikilazwa upande usio wake kwenye skana, kulia kunakuwa kushoto, na bibi wa Kigujarati anatundikwa ukutani akiwa amevaa vile ambavyo kwao hawavai. Wajukuu zake wataliona hilo kabla hawajasoma neno lolote. Kwa hiyo kabla ya kuchapa tafuta maandishi ndani ya picha, uone kama yanasomeka sawa au kinyume: kibao cha duka, kalenda, namba ya gari. Yasipokuwepo, mwulize aliyeivaa sari hiyo.

Kazi ya kuuliza ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwachie bibi albamu aifungue mwenyewe. Usimvamie na maswali ya utamaduni. Uliza sari hii ilinunuliwa na nani, nani alishika kamera, mbona hapa pana gundi na picha haipo. Nyamaza akifikiri. Kisha, kwa ruhusa yake, geuza picha zisizobandikwa utazame mgongo. Muhuri wa studio ni ushahidi mzuri. Ukikuta wa Capital Art Studio, unajua uko Unguja, kwa Ranchhod Oza aliyeifungua mwaka 1930. Ukikuta wa Parekh, huenda uko Mombasa. Andika pia jina la mpigapicha, hasa akiwa mwanamke. Homai Vyarawalla, aliyezaliwa Navsari mwaka 1913 na kuwa mwandishi wa habari wa picha wa kwanza mwanamke nchini India, mwanzoni picha zake zilichapishwa kwa jina la mumewe.

Kwa anayepiga mwenyewe, mfano wangu ni Gauri Gill, mpigapicha wa India. Mwaka 2003 alikwenda Lunkaransar, Rajasthan, kwenye maonyesho ya wasichana yaitwayo Balika Mela, akaweka studio ya muda. Kila msichana aliamua akae vipi, apigwe picha pamoja na nani, ashike nini. Baadhi wanatazama kamera kwa ukali kabisa, na hakuna aliyewaambia wacheke. Mwaka 2010 alirudi kwenye mela hiyohiyo. Fanya hivyo: waachie waamue, na nakala ya kwanza iwe yao, kabla ya ukumbi wowote.

Sasa suala la ruhusa. Nasema bila kumung'unya: ruhusa ya mume, kaka au mwenyekiti wa jumuiya si ruhusa yake. Mwulize mwenyewe, faragha, na umweleze picha itakwenda wapi, hasa kama itawekwa mtandaoni. Wengine watakataa, na kisa chao kinaweza kuwa ndicho kizito kuliko vyote. Hapo jifunze kwa msanii Zarina Bhimji, mzaliwa wa Mbarara, Uganda, mwaka 1963, aliyehamia Uingereza 1974, miaka miwili baada ya amri ya Idi Amin ya kuwafukuza Waasia. Mwaka 1987 alitengeneza kazi iliyogusa vipimo vya ubikira walivyofanyiwa wanawake wa Asia ya Kusini kwa ajili ya kuingia Uingereza. Alitundika picha zikaning'inia hewani, na chini yake akamwaga manjano na pilipili ya unga. Kuna njia ya kusema jambo zito bila kuuanika uso wa aliyedhulumiwa.

Basi mwenyewe akikataa, picha yake irudishwe kwenye albamu siku hiyohiyo, nakala iliyoskaniwa ifutwe kwenye kompyuta na kwenye simu, na kwenye orodha yako uandike kwamba amekataa, ili atakayeipokea kazi hii baada yako asije akambishia hodi tena.