Mpole au Amejikaza? Kwa Saisi Mpya Anayemchagulia Mpandaji Farasi

Wapandaji wengi wageni huomba "farasi mpole". Saisi mpya, yaani mtunza farasi, huwaletea yule aliyesimama kimya kuliko wote, na hapo ndipo makosa huanza. Aliyetulia kweli hulegeza mdomo wa chini, masikio yake hugeukageuka, na mara nyingi hupumzisha mguu mmoja wa nyuma. Aliyejikaza kwa hofu naye hasogei, lakini shingo iko juu, midomo imebanwa na ngozi juu ya jicho imekunjamana. Huyu akiguswa kisigino ubavuni anaweza kuchomoka ghafla.

Tofautisha wepesi na woga. Farasi wa Kiarabu na Thoroughbred (aina ya farasi wa mbio) huitwa wa damu moto, ingawa joto la mwili wao ni lilelile la farasi wengine, nyuzi 37.5 hadi 38.5. Kinachosemwa ni wepesi wa kuitikia. Mpandaji wa mashindano ya masafa ya kilomita 160 huutaka wepesi huo, na mcheza polo, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo juu ya farasi, pia, ila farasi wake lazima avumilie fimbo inayopita karibu na jicho. Mwanafunzi haumfai. Mikono yake bado inavuta hatamu ovyo, na farasi mwepesi huchukua kila kosa kuwa amri. Angalia hasa farasi waliostaafu mbio, kama wale wa uwanja wa Ngong, Nairobi: wengi wamezoea kuegemea lijamu (chuma cha mdomoni) wakiwa kasini, hivyo mpandaji mwoga akivuta na kung'ang'ania, farasi huongeza mwendo. Mfundishe kuvuta kidogo na kuachia, huku akimzungusha kwenye duara pana.

Kabla ya kumkabidhi mtu farasi usiyemjua, mjaribu mwenyewe. Mpige brashi, mtandike, funga mkanda wa tumbo polepole, kisha mtembeze kwa mkono kando ya mfuko wa plastiki unaopeperuka. Ukipanda, anza telki (mwendo wa kutembea), fuata matiti (mwendo wa kukimbia polepole), shoti (mbio za kasi) iwe mwisho, halafu mtenge na wenzake. Kushtuka si kasoro. Pima anachukua muda gani kutulia: anayesimama, akatazama, akashusha kichwa, huyo ni hazina kwa mwanafunzi.

Tafadhali usimwite farasi mkaidi kabla hujamkagua. Aliyekuwa mtulivu akianza kuuma mkanda ukifungwa, kagua kwanza tandiko, mgongo na meno, kwa sababu meno ya juu huota ncha kali upande wa shavu na lijamu huzidisha maumivu. Baada ya hapo tazama chakula. Wa kilo 450 huhitaji majani makavu kilo 7 hadi 9 kwa siku. Ukimjaza nafaka siku asiyofanya kazi, kesho yake atarukaruka, na lawama itaangukia tabia yake.

Uzito nao hubadili tabia. Kwa farasi huyo wa kilo 450, mpandaji pamoja na tandiko wasizidi kilo 90, la sivyo mgongo huuma naye huanza kurusha mateke.

Anachokiogopa kila mmoja kiandike ubaoni bandani, ili saisi wa zamu ya jioni asikigundue akiwa na mgeni mgongoni mwa farasi.