Hajiamini, anasitasita au anajishtukia?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu asiyejiamini aitwe nani kwa neno moja? Jina moja la kumtosha halipo. "Mwoga" anaogopa kitu fulani, "mnyonge" amekosa nguvu au mtetezi, na wote wawili wanaweza kuwa wanajiamini barabara. Mtu huyu Kiswahili humweleza kwa vitenzi, na kila kitenzi kina mahali pake.

Simama Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, penye biashara ya dagaa. Mnunuzi akitajiwa bei ya ndoo akanyamaza kidogo, huyo amesita, na kusita si kasoro; huenda anapiga hesabu ya nauli. Akiishika ndoo, akaiachia, akaenda kwa jirani, akarudi tena, huyo sasa anasitasita. Kule kurudia shina ndiko kunakoleta maana ya kutojiamini, na muuzaji mzoefu hana haraka ya kumpunguzia. Akiulizwa, "Haya kaka, unachukua ngapi?" akajibu maneno yasiyoshikana, anababaika. Akikaripiwa, sauti ikakatika na mabega yakashuka, amenywea. Angalieni -me- hapo: hali imekwisha kuingia. Ukisema "ananywea", msikilizaji atauliza ananywea kikombe gani.

Kubabaika kusichanganywe na kubabaisha. Anayebabaika amechanganyikiwa mwenyewe. Mbabaishaji huwachanganya wengine, na mara nyingi anajiamini kupita kiasi.

Kisha kuna kujishtukia, neno la vijana ambalo wakubwa wengi hawalitaki kwenye maandishi. Mimi naona linastahili nafasi, maana halina mbadala. Fundi anaweza kuwa hodari wa kushona nyavu, lakini akisimamishwa mbele ya mkutano wa mtaa akaona kila jicho linamkagua yeye, shati lake na matamshi yake. Huyo anajishtukia. Ukisema hajiamini umemwonea. Kazi yake anaijua na hana shaka nayo.

Sasa penye mtego wenyewe. Mwalimu akiandika kwenye ripoti "Mwanafunzi huyu hajiamini", mzazi ataelewa kuwa mtoto ana tatizo. Akikosea herufi moja tu, "Mwanafunzi huyu hujiamini", amemsifu, kwa kuwa hu- hapo ni ya mazoea, kama katika "jua huchomoza mashariki". Tabu inazidi kwa nafsi ya pili. "Hujiamini" ni kumkanusha mtu unayesema naye, na pia ni mazoea yasiyochagua nafsi. Matamshi hayasaidii, mkazo unaangukia -mi- kotekote. Hata kuongeza "wewe" hakutatui. Ukikusudia sifa, andika "huwa unajiamini". Ukikusudia upungufu, "bado hujiamini" inatosha, au ueleze jambo lenyewe: "unasitasita ukiulizwa hesabu ubaoni". Kwa wingi hakuna shida, "hamjiamini" haina pacha.

Kosa jingine linatokana na shina lenyewe. Amini, imani, amana na uaminifu ni ndugu wa asili moja ya Kiarabu, lakini hawafanyi kazi moja. Kiambishi -ji- ndicho kinachoirudisha imani kwa mwenyewe. Kiondoe, uongeze -k-, na mambo yanageuka: "haaminiki" ni mtu ambaye wengine hawamwamini. Ukimwandikia kijana barua ya kuomba kazi ukataja kuwa "hana uaminifu" ukimaanisha ana soni kidogo, umemwita mwizi.

Wasiwasi nao una ncha mbili. "Ana wasiwasi" ni hali yake. "Nina wasiwasi naye" ni mimi kumshuku. Neno "haya", yaani soni, liacheni kando kabisa: ni sifa njema, ndiyo maana "hana haya" ni tusi.

Kuhusu tahajia, "kutojiamini" na "kutokujiamini" zote zinasikika. Mimi ningeandika ile fupi, kwani -ku- ya pili ina kazi hasa kwenye vitenzi vifupi kama kutokula na kutokuja. Upatanisho ni wa ku-: "kutojiamini kwake kunamponza". "Kutojiamini yake", inayosikika sana redioni, ni kosa. Na "ukosefu wa hali ya kujiamini" ni lugha ya ofisini tu. Maneno matano kwa kazi ya moja.

Msomaji, Mwanza